Namna ya Kupanga Maboresho ya Barabara na Makutano katika Jiji Linalokua

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja halikuongeza hata hatua moja ya ardhi katikati ya jiji. Wengi wamejenga pembezoni, Chanika, Mbagala, Goba, Kibamba na Bunju, na kila asubuhi huelekea mjini kupitia barabara kuu nne zilezile, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa, huku Barabara ya Mandela na ile ya Sam Nujoma zikizikata kwa upande na kubeba pia malori yatokayo bandarini. Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma nazo zinaelekea katika hali hiyohiyo, na zina bahati ya kuweza kujifunza mapema.

Mwongozo huu ni kwa mhandisi wa halmashauri, diwani, mjumbe wa kamati ya mipango miji, na kwa mwananchi anayetaka kuuliza maswali yenye uzito pindi mradi wa barabara unapoletwa katika kata yake. Msimamo wangu ni kwamba foleni nyingi za mijini huzaliwa kwenye makutano, wala si kwenye wembamba wa barabara iliyo kati ya makutano moja na jingine. Kwa hiyo mpango mzuri huanzia kwenye makutano, huhesabu watu kabla ya kuhesabu magari, na huyatazama makutano yote ya barabara moja kwa pamoja.

Kwanza, jua foleni inaanzia wapi

Kosa la kawaida ni kupeleka fedha mahali ambapo foleni inaonekana badala ya mahali inapoanzia. Dereva aliyekwama kilomita mbili kabla ya makutano huamini kwamba barabara aliyopo ni nyembamba, kumbe mbele yake kuna taa zinazoruhusu magari machache kuliko yanayofika. Tembea kwa miguu kuanzia mkia wa foleni hadi kichwa chake, wakati wa msongamano, na uandike kinachoonekana pale ambapo magari yanaanza kwenda kwa kasi ya kawaida. Mara nyingi utakuta jambo dogo kuliko ulivyotarajia: daladala mbili zinazopakia abiria mita chache baada ya taa, shimo lililojaa maji katika njia ya kushoto, lori linalokata kulia na kuziba wanaokwenda moja kwa moja, au geti la shule ambalo kila mzazi husimamisha gari lake mbele yake. Baadhi ya mambo hayo hurekebishwa kwa rangi, nguzo za zege na makubaliano na wahusika, bila kusubiri mkopo wa maendeleo.

Fanya matembezi hayo asubuhi kati ya saa 12:30 na saa 3:30, kisha jioni kati ya saa 10:00 na saa 2:00 usiku, kwa kuwa foleni ya asubuhi na ya jioni katika makutano yaleyale mara nyingi zina visababishi tofauti. Rudi tena siku ya mvua. Katika mji wa pwani wenye masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, makutano ambayo hupitisha magari vizuri siku ya jua yanaweza kupoteza nusu ya uwezo wake kwa sababu mtaro mmoja umeziba.

Kuhesabu: kazi inayoamua mengine yote

Makutano ya barabara nne yana miendo 12, kwa kuwa kila upande una wanaokwenda moja kwa moja, wanaokata kushoto na wanaokata kulia. Kila mwendo uhesabiwe peke yake, kwa vipindi vya dakika 15, angalau kuanzia saa 12:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, katika siku za Jumanne hadi Alhamisi zisizo za likizo ya shule, sikukuu wala mwezi wa Ramadhani. Vipindi vya dakika 15 ni muhimu kwa sababu makutano huzidiwa kwa dakika hizo, na wastani wa saa nzima huificha hali hiyo.

Tenganisha aina za vyombo: gari dogo, daladala, basi kubwa, lori la kawaida, lori lenye tela, bajaji, bodaboda, baiskeli na mkokoteni. Baadaye kila chombo hugeuzwa kuwa sawa na idadi fulani ya magari madogo, kulingana na nafasi na muda kinaochukua barabarani. Kwa kawaida bodaboda huhesabiwa chini ya nusu ya gari dogo, na basi kubwa au lori huhesabiwa kama magari mawili au zaidi. Vigezo hivyo visinakiliwe bila kufikiri kutoka katika vitabu vya nchi zisizo na bajaji wala mikokoteni. Ni bora kuvipima papo hapo kwa video iliyopigwa kutoka ghorofani.

Hapa kuna mtego ambao umepotosha mipango mingi. Mhesabu akisimama kwenye mstari wa kusimamia magari wakati kuna foleni, atahesabu magari ambayo makutano yameweza kuyapitisha, na hatapata kabisa idadi ya magari yaliyotaka kupita. Idadi hiyo ikiingizwa katika usanifu, hesabu itaonyesha kwamba makutano yanatosha, ilhali foleni ina urefu wa kilomita nzima. Dawa yake ni kumweka mhesabu wa pili nyuma ya mkia wa foleni, au kupima urefu wa foleni kila baada ya dakika 15 na kuongeza tofauti yake kwenye magari yaliyopita.

Kisha hesabu watu. Chukua mfano wa barabara ambayo kwa saa moja hupitisha magari madogo 1,000 yenye wastani wa mtu mmoja na nusu kila moja, pamoja na daladala 60 zenye abiria 30 kila moja. Magari madogo 1,000 yanabeba watu 1,500, na daladala 60 zinabeba watu 1,800. Mpango unaohesabu magari pekee utazitazama daladala kama usumbufu wa asilimia chache, kumbe ndizo zinazobeba zaidi ya nusu ya wasafiri. Ongeza hapo waenda kwa miguu wanaovuka, wakihesabiwa kila upande wa makutano, pamoja na wale wanaovuka mahali ambapo hakuna kivuko. Mahali wanapovuka ndipo wanapohitaji kwenda, na msanifu anapaswa kupaheshimu kuliko anavyouheshimu mchoro wake.

Hesabu ya taa, kwa lugha nyepesi

Taa inapowaka kijani na kuna foleni, magari hupita mstari kwa mwachano wa sekunde mbili hivi, ambayo ni sawa na magari 1,800 kwa saa kwa kila njia moja, laiti kijani ingewaka saa nzima. Lakini haiwaki saa nzima. Ikiwa mzunguko wa taa, yaani muda wa kuzipitia pande zote mara moja, ni sekunde 120 na upande wako umepewa sekunde 30, njia hiyo hupitisha robo ya 1,800, yaani magari 450 kwa saa. Kumbe barabara inayoweza kupitisha 1,800 kati ya makutano hushushwa hadi 450 pale inapofika kwenye taa. Ukiipanua barabara kwa kilomita tano na kuyaacha makutano yalivyo, utakuwa umejenga ukumbi mkubwa wenye mlango uleule mmoja: watu wengi zaidi watasubiri ndani, na wanaotoka kwa dakika hawataongezeka.

Ndiyo sababu njia fupi za ziada karibu na makutano, zenye urefu wa mita 60 hadi 150 hivi kulingana na foleni iliyopimwa, mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko kupanua barabara nzima. Upande uliokuwa na njia moja ukipata njia tatu pale kwenye mstari, sekunde zilezile 30 za kijani hupitisha magari yapatayo 1,350 kwa saa badala ya 450, mradi upande wa kutokea nao una njia za kuyapokea. Sharti hilo la mwisho husahaulika sana. Magari yanayotoka katika njia tatu na kubanwa kuwa moja mita 40 baada ya makutano hurudisha foleni katikati ya makutano yenyewe.

Mwaka 1958 mtafiti wa Uingereza aitwaye Webster alichapisha kanuni ambayo wahandisi wangali wanaitumia kukadiria urefu unaofaa wa mzunguko wa taa. Kwanza tafuta sekunde zinazopotea katika kila mzunguko, yaani zile ambazo taa zinabadilika na hakuna anayepita vizuri. Kisha, kwa kila awamu ya taa, yaani kipindi ambacho kundi moja la miendo lina kijani, gawanya idadi ya magari yanayofika katika mwendo wenye msongamano kuliko mingine kwa uwezo wa mwendo huo kama ingekuwa kijani muda wote, na ujumlishe majibu ya awamu zote. Jumla hiyo wahandisi huiita Y. Urefu wa mzunguko ni sekunde zinazopotea mara 1.5, ongeza 5, kisha gawanya jibu kwa tofauti ya 1 na Y.

Makutano yenye awamu nne yanayopoteza sekunde 16 na yenye Y ya 0.8 yanahitaji mzunguko wa sekunde 145. Ikiwa wanaokata kulia kwenye upande mmoja watapewa njia nyingine ya kupita, awamu zikawa tatu, muda unaopotea ukashuka hadi sekunde 12 na Y ikashuka hadi 0.7, mzunguko unaofaa unakuwa sekunde 77 hivi. Muda wa kusubiri unapungua karibu nusu bila kumwaga zege. Nchi zetu huendesha magari upande wa kushoto, kwa hiyo anayekata kulia ndiye anayekatisha mkondo wa wanaokuja mbele yake, na kila awamu maalumu ya kumpitisha hunyang'anya muda wa wengine wote. Swali la kwanza katika makutano yoyote yaliyozidiwa liwe hili: je, wanaokata kulia wanaweza kugeukia mbele kidogo kisha wakate kushoto, au kupitia barabara ya mtaa iliyowekewa lami?

Y hiyohiyo inasaidia kuamua kiwango cha uwekezaji. Ikiwa iko chini ya 0.85 hivi, kazi kubwa ni kupanga muda wa taa vizuri na kuondoa vizuizi. Ikizidi hapo, ongeza njia fupi na punguza awamu. Ikikaribia au kupita 1, hakuna upangaji wa taa utakaoyaokoa makutano hayo. Hapo ndipo pana haki ya kuzungumzia barabara ya juu, au kupeleka sehemu ya magari kwingine, au kuwahamishia watu kwenye mabasi.

Trafiki na taa

Katika makutano mengi ya Dar es Salaam, wakati wa msongamano askari wa usalama barabarani huchukua nafasi ya taa na kuongoza magari kwa mkono. Wanafanya kazi ngumu, juani na katika moshi, na wanastahili shukrani. Hata hivyo askari mmoja hawezi kuona foleni za pande zote nne wala hali ya makutano yanayofuata, kwa hiyo huelekea kuruhusu upande mmoja kwa dakika kadhaa mfululizo. Muda mrefu kama huo una hasara mbili. Baada ya foleni ya kwanza kwisha, magari hupita yakiwa yameachana, na sekunde za makutano hupotea. Pia wimbi kubwa la magari hutupwa kwa pamoja kwenye makutano yanayofuata, yasiyoweza kulipokea, nayo hulazimika kuongozwa kwa mkono.

Mpango wa maboresho usiwakwepe askari. Wakae mezani tangu siku ya kwanza, waeleze kwa nini taa haziaminiki, na yafikiwe makubaliano ya maandishi kuhusu hali zitakazowafanya wachukue uongozi: ajali, msafara, taa kuzimika, au foleni kufika alama fulani iliyochorwa barabarani. Upande wa halmashauri au wakala wa barabara uhakikishe kuwa taa zina umeme wa akiba, vihisi vinavyofanya kazi, na fundi anayefika siku hiyohiyo zinapoharibika. Taa zinazokaa wiki mbili zikiwaka njano huwafundisha madereva na askari kwamba hazina maana.

Kuchagua aina ya makutano

Makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambazo njia za magari hukutana, hutengana au hukatana. Kipilefti cha njia moja kina sehemu 8 tu, na kwa kuwa humlazimisha kila dereva kupunguza mwendo, ajali zinazotokea huwa nyepesi zaidi. Kwa mji unaoanza kukua, kipilefti kilichosanifiwa vizuri ni chaguo ninalolipendekeza bila kusita pale ambapo jumla ya magari kwa siku haizidi 20,000 hadi 25,000 hivi. Juu ya hapo huanza kudhurika, kwa sababu anayeingia humpisha anayetoka kuliani kwake, na mkondo mmoja mkubwa ukitiririka bila kukatika, upande unaofuata hauingii kamwe. Ukiona kipilefti kinaongozwa na askari kila siku, kimeshapita uwezo wake.

Barabara za juu zina mahali pake. Barabara ya juu ya Mfugale katika makutano ya Tazara, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Septemba 2018, iliwaondoa wasafiri wa Barabara ya Nyerere kwenye mapambano na malori ya Barabara ya Mandela, na yeyote aliyekuwa akiwahi ndege kabla ya hapo anajua thamani yake. Makutano ya Ubungo, yaliyozinduliwa Februari 2021 kwa jina la Kijazi, yana ngazi tatu, kwa kuwa pale Barabara ya Morogoro inakutana na ya Mandela na ya Sam Nujoma, na mabasi ya mwendokasi, yenye njia zao pekee, nayo yanapita. Lakini tazama kilicho kati ya makutano hayo mawili: kutoka Tazara hadi Ubungo kuna Buguruni, Tabata na External, yote yakiwa makutano ya chini, yasiyo na barabara ya juu. Gari linalookoa dakika kumi Tazara linaweza kuzitumia zote Buguruni. Hilo halimaanishi kwamba Tazara haikupaswa kujengwa. Linamaanisha kwamba siku ya kuichora Tazara ndiyo siku ya kupanga cha kufanya Buguruni, hata kama ni njia fupi za ziada na taa zinazowasiliana.

Nawasihi madiwani wa miji midogo wasidai barabara ya juu kama alama ya maendeleo. Ngazi ya juu hupitisha magari bila kusimama, lakini hufanya eneo la chini kuwa gumu kwa mwenda kwa miguu, huhitaji ardhi ya kupandia na kushukia, na ikishajengwa mahali pasipofaa haihamishiki. Pia iko hali iliyoelezwa na Anthony Downs wa Marekani mwaka 1962, ambayo tafiti za baadaye zimeithibitisha: barabara ya mjini ikipanuliwa, waliokuwa wakisafiri muda mwingine, kwa njia nyingine au kwa basi huhamia humo, na baada ya miaka michache msongamano wa saa za asubuhi hurejea. Duranton na Turner, waliochunguza miji ya Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, waligundua kuwa kilomita zinazosafiriwa na magari huongezeka karibu sawasawa na kilomita za njia zinazojengwa. Nafasi mpya inayodumu ni ile iliyotengwa kwa ajili ya chombo kinachobeba wengi.

Mabasi, vituo na waenda kwa miguu

Awamu ya kwanza ya mwendokasi, yenye urefu wa takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016. Basi refu la mita 18 hubeba zaidi ya watu 100, na likipata njia yake halihitaji kusubiri foleni ya magari ya watu binafsi. Malalamiko kuhusu uhaba wa mabasi na msongamano vituoni ni ya haki, na yanatufundisha kwamba njia peke yake haitoshi: mpango wa barabara lazima uwe na mpango wa mabasi yatakayopita humo, karakana yao na nauli yao. Karakana ya Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, imefurika mara kadhaa na kusimamisha huduma. Mahali pa karakana ni uamuzi wa uhandisi wa barabara sawa na upana wa njia.

Hata pasipo na mwendokasi, kituo cha daladala kinastahili umakini kuliko kinavyopewa. Kwa kawaida kiwekwe baada ya makutano, mbali vya kutosha ili daladala mbili au tatu zinazosubiri zisifike kwenye mstari wa kivuko, na kiwe na nafasi ya kuingia yenye urefu unaolingana na idadi iliyohesabiwa. Kituo kikiwekwa kabla ya taa, njia ya kushoto hupotea kabisa. Konda na dereva husimama pale abiria walipo, na abiria husimama penye kivuli na karibu na barabara ya mtaa wanakotoka. Kwa hiyo weka kivuli na njia safi ya miguu pale unapotaka wasimame. Bodaboda na bajaji nao wapewe eneo lililochorwa, mita kadhaa kutoka kwenye kona, kwa makubaliano na viongozi wa vijiwe vyao. Njia ya miguu inayojengwa sokoni bila sehemu ya wamachinga itajaa meza ndani ya mwezi mmoja, na watembeao watashuka barabarani.

Kuhusu kuvuka, hesabu ni rahisi. Mtu mzima hutembea mita 1.2 kwa sekunde, na wazee na watoto huenda polepole zaidi. Barabara ya njia sita zenye upana wa mita 3.5 kila moja ina mita 21, hivyo kuivuka huchukua sekunde 17.5. Kisiwa cha katikati chenye upana wa angalau mita mbili humruhusu mtu kuvuka kwa hatua mbili, na pia hupunguza muda ambao taa zinapaswa kuwazuia madereva. Daraja la waenda kwa miguu lenye ngazi ndefu liwe chaguo la mwisho, kwa sababu mama mwenye mzigo kichwani na mtu mwenye kiti cha magurudumu hawalipandi.

Karibu na shule, mwendo wa magari ushuke hadi kilomita 30 kwa saa, kwa matuta na vivuko vilivyoinuliwa, bila kutegemea kibao pekee. Dar es Salaam ina mfano wa kujivunia hapa: programu ya SARSAI ya shirika la Amend, iliyokagua maeneo ya shule na kujenga njia za miguu, vivuko na vizuizi vya gharama nafuu, ilipata Tuzo ya Ross kwa Miji ya Taasisi ya Rasilimali za Dunia mwaka 2019, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa.

Nani aitwe, na lini

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Makutano mengi yenye shida ni mahali ambapo barabara ya mmoja inakutana na ya mwingine. Bila barua ya makubaliano kati yao, kila mmoja atarekebisha upande wake na katikati itabaki bila mwenyewe. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hutoa leseni za njia za daladala, DART, wakala wa mabasi yaendayo haraka, husimamia mwendokasi, na halmashauri husimamia maegesho, masoko na vibali vya ujenzi. Shirika la umeme TANESCO, mamlaka ya maji na kampuni za simu wana vitu chini ya ardhi na juu yake ambavyo michoro haivionyeshi vyote, kwa hiyo chimba mashimo ya uchunguzi kabla ya zabuni. Kuhamisha nguzo na mabomba baada ya mkandarasi kufika ndiko kunakochelewesha miradi, tena kwa gharama inayoepukika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi mikubwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasisitiza fidia kamili, ya haki na kwa wakati kwa anayetwaliwa ardhi yake. Fanya mikutano ya mtaa kabla ya usanifu wa kina, wakati mistari bado inaweza kusogezwa. Mwenye duka la kona anajua ni saa ngapi malori hukwama na maji hujaa wapi, na mara nyingi mita mbili za kusogeza ukingo huokoa nyumba ya familia.

Jaribu, jenga, pima tena

Pale inapowezekana, jaribu mabadiliko kabla ya kuyajenga. Mapipa yaliyojazwa mchanga, koni na rangi vinatosha kuonyesha kama kufunga mkato wa kulia kutapunguza foleni au kutaihamishia kwenye mtaa wenye shule. Jaribio lidumu wiki tatu au nne, kwa kuwa siku za kwanza madereva hushangaa na matokeo yake hayaaminiki. Watu wa mtaa unaopokea magari yaliyohamishwa wasikilizwe kwa uzito uleule wanaopewa wenye magari.

Mkataba wa ujenzi uwe na mpango kamili wa njia za mchepuko: upana wake, lami au changarawe yake, taa za usiku, na njia salama ya miguu katika kila hatua ya kazi. Mitaro imalizike kabla ya masika, na iwe na sehemu za kufungulia kwa ajili ya usafi. Barabara za mitaa zinazounganisha barabara kuu mbili, kama zile zilizoboreshwa chini ya mradi wa DMDP, yaani mradi wa uendelezaji wa jiji la Dar es Salaam, katika Kinondoni, Ilala na Temeke, zikamilike kwanza inapowezekana, ili ziwe msaada wakati makutano makubwa yamefungwa.

Baada ya miezi mitatu ya matumizi, rudia hesabu ileile, siku zilezile za wiki, saa zilezile, katika makutano yaliyojengwa na katika yale mawili yanayofuata kila upande. Linganisha muda wa safari wa daladala kutoka kituo hadi kituo, urefu wa foleni, muda ambao mwenda kwa miguu anasubiri kuvuka, na ajali kwa mujibu wa kumbukumbu za polisi; kwa ajali, subiri angalau mwaka mmoja kabla ya kutoa hukumu. Muda wa taa uhesabiwe upya kila mwaka, na mapema zaidi ikiwa soko, stendi au mtaa mpya umefunguliwa karibu. Takwimu zote zihifadhiwe na ofisi moja inayojulikana, kwa namna ambayo mhandisi ajaye ataweza kuzifungua, na nakala yake ibandikwe kwenye ofisi ya kata.